Kanzidata Inayokukatalia Haijaharibika

Kuna ushauri unaozunguka kwenye ofisi zetu za programu, kwenye madarasa ya kompyuta na katikati ya mafundi wanaosaidiana kwa simu usiku, na umerudiwa mara nyingi hadi umekuwa kama kanuni ya kazi. Kijana ameweka PostgreSQL kwenye seva ya kukodi. Anajaribu kuifikia kutoka kwenye laptopu yake, inagoma. Anauliza. Kaka yake wa kazini anamjibu bila hata kugeuza kiti: "Weka nyota kwenye listen_addresses, nenda pg_hba uongeze mstari wa sifuri nne, zima washa, utaingia. Si ina nywila?" Kijana anafanya hivyo, anaingia, anasema asante kaka, na kazi inaendelea.

Ushauri huo una sifa moja: unafanya kazi. Ndiyo maana ni vigumu kuupinga. Anayeupinga huonekana mwoga, au mtu wa vitabu asiyejua kwamba mteja anasubiri. Lakini umejengwa juu ya mambo mawili ambayo si kweli. La kwanza, kwamba kanzidata inayokataa kuunganishwa kutoka nje ina upungufu ambao fundi anapaswa kuuondoa. La pili, kwamba nywila ndiyo ukuta, na ukuta ukiwa imara haidhuru nani anausogelea.

Tuanze na kukataliwa kwenyewe. Wafuasi wa sifuri nne huona kukataliwa kote ni kumoja, kumbe kuna namna tatu na kila moja inasema jambo lake. Ukijibiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, ujue PostgreSQL haijakusikia kabisa. Kwa listen_addresses inayokuja nayo inasikiliza localhost, yaani mashine yake yenyewe, na mfumo endeshi ndio uliokurudisha. Hivyo ndivyo inavyokuja tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, na kabla ya hapo hata TCP yenyewe ilikuwa imezimwa mpaka uiombe. Ukiambiwa hakuna mstari unaokuhusu kwenye pg_hba.conf, faili la wanaoruhusiwa kuingia, na ujumbe ukataja anwani yako, jina la mtumiaji na jina la kanzidata, basi umefika, umesikika, na umenyimwa kwa jina. Na ukikaa unasubiri mpaka programu inachoka yenyewe, mara nyingi kuna fayawoli njiani inayotupa vifurushi vyako bila kujibu. Anayejua tofauti hiyo hurekebisha kitu kimoja. Asiyejua hufungua vyote vitatu kwa mpigo, na hata baada ya kuingia hajui ni kipi kilichokuwa kinamzuia.

Sasa tuusome mstari wenyewe, kwa sababu nadhani wengi wanaounakili hawajawahi kuusoma:

host all all 0.0.0.0/0 md5

Neno la kwanza linaruhusu muunganisho wowote wa TCP, uwe umesimbwa au uko wazi. "All" ya kwanza ni kanzidata zote zilizomo kwenye seva, pamoja na ile ya majaribio uliyoisahau. "All" ya pili ni watumiaji wote, akiwemo postgres, mtumiaji mkuu. Sifuri nne na mkwaju wake ni kila anwani ya IPv4 duniani. Na md5 ni utaratibu wa zamani wa kuhakiki nywila ambao mtu akiiba kile kilichohifadhiwa kwenye seva anaweza kuingia nacho bila kuijua nywila yenyewe. Mbadala wake, scram-sha-256, upo tangu toleo la 10 la mwaka 2017, na tangu toleo la 14 ndio unaotumika usipochagua kingine. Kijana alitaka mtu mmoja, kutoka sehemu moja, aifikie kanzidata moja. Amepewa mstari usio na "mmoja" hata mahali pamoja.

Huyo postgres asichukuliwe kirahisi. Tangu toleo la 9.3, amri ya COPY ina uwezo wa kuendesha programu kwenye mashine yenyewe, na mtumiaji mkuu anaruhusiwa kuitumia. Maana yake, aliyeipata nywila ya postgres kutoka nje hakupata majedwali tu. Amepata mahali pa kuandika amri za mfumo endeshi. Seva nyingi za PostgreSQL zilizokutwa zikichimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu asiyejulikana ziliingiliwa kwa njia hiyohiyo, na mwenye seva alichoona ni prosesa iliyopanda hadi mwisho na bili.

"Sawa," watasema, "lakini nywila yangu ni ya herufi ishirini na nne." Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wetu.

Nywila huulizwa baada ya mazungumzo kuanza. Mtu anapopiga hodi, aliyemo ndani lazima aache alichokuwa akifanya, asikilize, aelewe kinachosemwa na ajibu, na yote hayo hutokea kabla hajajua aliyeko nje ni nani. Seva ni hivyohivyo: inapokea baiti kutoka kwa mgeni, inazifasiri, inatenga kumbukumbu, inaanzisha mchakato wa kumhudumia. Kazi hiyo inafanywa na programu iliyoandikwa na binadamu, na kosa likiwa ndani ya kazi hiyo, nywila yako ya herufi ishirini na nne haijafikiwa bado.

Tarehe 4 Aprili 2013 wasanidi wa PostgreSQL walitoa kiraka cha kosa lililoitwa CVE-2013-1899. Ombi la kuunganishwa lililotaja jina la kanzidata linaloanza na alama ya kistari liliweza kuharibu mafaili ndani ya saraka ya data. Halikuhitaji nywila wala jina la mtumiaji anayejulikana, wala haikulazimu kanzidata yenye jina hilo iwepo. Ilitosha poti ifikike. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba walitangaza karibu wiki nzima kabla kwamba toleo la dharura linakuja, na walipolitoa walieleza kwamba walio hatarini zaidi ni wale ambao poti yao inafikika na yeyote. Aliyekuwa na listen_addresses yenye localhost aliisoma habari hiyo akinywa chai. Mwenye nyota hakuwa na nafasi hiyo, hata kama nywila yake ilikuwa bora kuliko za mji mzima.

Mwaka uliotangulia, Juni 2012, MySQL na MariaDB walipata la kwao. Kwenye baadhi ya vifurushi vya programu hizo, kulingana na jinsi vilivyokusanywa, ulinganishaji wa nywila ulikuwa na kosa dogo la hesabu lililofanya nywila yoyote ikubaliwe mara moja katika kila majaribio 256 hivi. Rudia kuingia kama root mara mia tatu kwa nywila ya ovyo, jambo linalochukua chini ya sekunde, na kwa kawaida ulikuwa ndani. Urefu wa nywila halisi haukuingia kwenye hesabu hiyo kabisa.

Na kabla ya hayo kulikuwa na Slammer. Januari 25, 2003, mnyoo wa baiti 376 tu, unaoingia kwenye kifurushi kimoja cha UDP, ulianza kurukia seva za Microsoft SQL kupitia poti 1434. Idadi ya mashine zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila baada ya sekunde nane na nusu mwanzoni, na ndani ya dakika kama kumi sehemu kubwa ya zile zilizoweza kuambukizwa ilikuwa imekwisha kuambukizwa. Zilifika takriban 75,000. Mashine za ATM za Bank of America zilikwama, na Korea Kusini intaneti ilizimika kwa sehemu kubwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa miezi sita nyuma. Mnyoo haukumwuliza mtu nywila, na wengi walioumia hawakujua kwamba wana seva ya SQL, kwa kuwa ilikuja imefichwa ndani ya programu nyingine.

Matukio matatu, programu tatu tofauti, na katika yote matatu kilichomwokoa mtu ni kutofikika. Nywila ni ya lazima, sibishani na hilo. Ninachokataa ni kuipa kazi isiyo yake.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni ya unyonge, nayo huwa naisikia zaidi kwa wenye biashara ndogo: nani anatujua sisi? Duka la vipuri Kariakoo, chama cha akiba na mikopo cha wilayani, shule binafsi yenye wanafunzi mia nne. Jibu ni kwamba hakuna anayehitaji kuwajua. Anwani zote za IPv4 ni kama bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti inaweza kuzipitia zote za umma kwa poti moja chini ya dakika 45. Anayefanya hivyo hachagui. Mwanzoni mwa 2017 kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi zilifutwa kwa maelfu, na mahali pa data pakaachwa ujumbe wa kudai fidia ya bitcoin, 0.2 katika wimbi la kwanza. Wachunguzi waligundua kwamba katika visa vingi data haikuwa imenakiliwa popote. Aliyelipa alilipia kitu ambacho mwizi hakuwa nacho. Watasema zile hazikuwa na nywila kabisa. Kweli. Nazo zilifunguliwa na watu waliosema nywila tutaweka baadaye.

Wengine huhamisha poti kutoka 5432 kwenda namba wanayoipenda, na kujiona wamejificha. PostgreSQL haijui kujificha. Itumie baiti nane za kuulizia kama inakubali usimbaji, nayo itajibu kwa herufi moja, S au N, kabla ya jina na kabla ya nywila. Kwa mwenye programu ya kupekua, herufi hiyo moja inatosha kujua kilichopo nyuma ya poti, iwe 5432 au 61007.

Halafu kuna ile hoja ya "kwa muda tu, tunajaribu." Hii ingekuwa na nguvu kama pg_hba.conf ingesomwa jinsi watu wanavyodhani inasomwa. Inasomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, kinachofuata hakitazamwi. Kwa hiyo fundi mpya anapokuja baada ya miezi, akaandika mistari yake mizuri ya kubana kila mtumiaji na anwani yake, akaiweka chini ya ule wa majaribio, mistari yake ni mapambo. Ataifungua faili, ataiona imebanwa, na atawaambia wakubwa kwamba imebanwa.

Docker imeongeza mtego mwingine juu ya huo. Ukiandika 5432:5432 kwenye faili la compose, poti inafunguliwa kwenye anwani zote za mashine, na Docker inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, zinazofanya kazi kabla vifurushi havijafika kwenye kanuni za ufw, fayawoli ya mashine. Matokeo yake unaweza kuuliza ufw, ikakuambia 5432 haijaruhusiwa, na wakati huohuo mtu wa nje anaingia. Dawa ni kuandika 127.0.0.1:5432:5432. Tarakimu sita na nukta kadhaa, na hakuna kingine.

Hoja ambayo naiheshimu ni ya tano: anwani inabadilika. Fundi wa Dar es Salaam au Kisumu anafanya kazi kwa bando la simu. Kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache, na ile anayoonekana nayo asubuhi huenda si ya jioni. Akiandika anwani yake peke yake kwenye pg_hba, akipita kwenye eneo lenye mnara mwingine anafungiwa nje. Akipanua hadi masafa yote ya kampuni, amewaruhusu wateja wote wa kampuni hiyo. Ushauri wa kizungu wa "ruhusu anwani ya ofisi yako tu" unadhani kila mtu ana ofisi yenye anwani ya kudumu, na wafuasi wa sifuri nne wana haki ya kuucheka.

Lakini kutoka hapo hadi kuifungulia dunia ni kuruka hatua iliyopo katikati, nayo ni ya bure. Seva hiyohiyo ya kukodi tayari ina SSH, ndiyo iliyotumika kuiwekea PostgreSQL. Amri ni moja:

ssh -L 5433:localhost:5432 fundi@seva

Ukiiacha ikiendelea, programu yako inaunganishwa na poti 5433 ya laptopu yako mwenyewe, SSH inabeba mazungumzo ndani ya usimbaji wake, na upande wa pili PostgreSQL inaona mgeni aliyetoka localhost. Hujagusa listen_addresses, hujaongeza mstari wa pg_hba, wala hujaizima na kuiwasha kanzidata iliyokuwa ikihudumia watu. Anwani yako ibadilike mara kumi kwa siku, unaanzisha handaki upya na kuendelea. DBeaver na pgAdmin zina sehemu ya kujaza handaki la SSH, kwa hiyo hata asiyependa skrini nyeusi hana kisingizio. Kwa timu yenye watu kadhaa, WireGuard hufanya jambo lilelile kwa mtandao mzima, na kifurushi kisichotoka kwa mwenye ufunguo inayemjua haikijibu kabisa.

Mjanja atadakia kwamba SSH nayo iko wazi mtaani, na kwamba Julai 2024 OpenSSH ilikutwa na kosa lililoweza kutumika kabla ya kuhakikiwa. Ni kweli, na nampa pointi yake. Lakini mlango wa SSH ulikuwa tayari upo, kwa kuwa ndio unaotumika kuitunza mashine. Unaweza kulindwa kwa funguo badala ya nywila, na kiraka chake kilipotoka ulikuwa unajua mahali pa kukiweka. Anayefungua 5432 juu ya huo hajabadilisha hatari moja kwa nyingine. Ameziweka zote mbili.

Programu inapokaa kwenye seva moja na kanzidata kwenye nyingine, muunganisho wa mtandao ni wa lazima, na sina ugomvi nao hata kidogo. Seva za kukodi katika kituo kimoja kwa kawaida hupewa mtandao wa ndani. Basi listen_addresses iandikwe localhost na anwani ya ndani, mfano 10.0.0.5, na pg_hba ipewe mstari unaosema jambo moja:

hostssl mauzo mauzo_app 10.0.0.7/32 scram-sha-256

Kanzidata ya mauzo, mtumiaji wa mauzo, kutoka mashine ile pekee, kwa usimbaji. Mabadiliko ya listen_addresses yanahitaji kuzima na kuwasha. Ya pg_hba yanahitaji kusomwa upya tu, kwa SELECT pg_reload_conf(). Na upande wa programu iwekwe sslmode=verify-full pamoja na cheti cha kuhakikishia, kwa sababu ile ya kawaida, prefer, husimba ikiwezekana lakini haiulizi inaongea na nani.

Kuna wanaosema yote haya hayawahusu kwa kuwa programu yao ya simu inaongea na kanzidata moja kwa moja, na wateja wako kila mahali. Hao wameeleza wenyewe kosa lilipo. Nywila ya kanzidata iko ndani ya faili la APK, faili hilo liko kwenye simu ya kila mteja, na kulifungua na kuchungulia ndani ni kazi ya mwanafunzi mwenye muda. Hapo sifuri nne ni dalili tu. Kati ya simu na kanzidata inatakiwa programu ya seva inayojua mteja huyu aone salio lake na si la jirani yake. Usanifu huo ukishakuwepo, haja ya kuifungua kanzidata inaondoka yenyewe.

Nimalizie na jambo ambalo wakubwa hulisikia haraka kuliko mafundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya 2019, inayomtaka anayehifadhi taarifa amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimevuja na kuna hatari ya madhara kwa wenyewe. Ajue vipi? PostgreSQL, jinsi inavyokuja, huandika kwenye logi kila aliyekosea nywila. Aliyeipata haimwandiki, kwa sababu log_connections huwa imezimwa. Fungua logi ya seva yenye sifuri nne: utakuta postgres, admin, root, test, majina yaleyale yakijaribiwa mchana na usiku kutoka anwani za mabara yote, kurasa kwa kurasa za walioshindwa. Aliyefaulu hayumo. Kwa hiyo anayeufuta mstari wa sifuri nne leo aiwashe log_connections kwa mkono uleule, kisha abadilishe nywila za watumiaji wote, kwa sababu hana njia ya kujua nani alipita jana.